Akwilegia Tengeru: majani tele, ua hakuna

Swali. Nina kitalu kidogo cha maua Tengeru. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani aliniletea mbegu za akwilegia, pakiti imeandikwa rangi mchanganyiko tu. Mara ya kwanza nilizifukia sentimita moja kwenye trei. Wiki tatu zikapita hazijaota, nikamwaga. Mara ya pili ikaota miche tisa. Masika imeua mitatu. Sita iliyobaki iko kwenye viriba, ina mwaka na nusu, majani mazuri kabisa lakini ua hata moja sijaliona. Je, ni udongo? Shemeji yangu anapandisha wageni mlimani, naye anasema maua haya yapo porini njia ya Marangu. Nikachukue mbegu huko? Na kama ipo aina inayokubali huku kwetu, ni ipi? *Mama wa kitalu, Tengeru*

Jibu. Mama, udongo wako hauna kesi. Mmea uliokaa mwaka na nusu kwenye kiriba na bado una majani mazuri umekwisha kukujibu kuhusu udongo. Kilichokosekana ni baridi, na imekosekana mara mbili: kwanza kwenye mbegu, halafu kwenye mmea uliokwisha kukua. Hizo baridi mbili ni tofauti, na mtu akizichanganya hupata kama ulivyopata wewe, mimea hai isiyochanua.

Nianze na la shemeji, maana linaweza kukuingiza matatani. Ua aliloliona njia ya Marangu karibu hakika ni *Impatiens kilimanjari*, linaloota Kilimanjaro peke yake duniani. Ni jekundu lenye njano, lina mkia uliojikunja nyuma, na ni jamii moja na impeshensi za kivulini ambazo bila shaka unaziuza. Kuzitofautisha ni rahisi: hesabu mikia. Impeshensi ina mkia mmoja kwa kila ua. Akwilegia ina petali tano, na kila petali imejivuta nyuma ikawa mrija wake yenyewe, kwa hiyo ni mikia mitano, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, imekaa kwenye ncha ya kila mmoja. Majani nayo hayafanani hata kidogo: ya impeshensi ni jani moja zima lenye meno pembeni, ya akwilegia yamegawanyika tatu, kisha kila sehemu tatu tena.

Shemeji akikuletea picha ya majani yaliyogawanyika hivyo kutoka msituni, bado si akwilegia. Hiyo ni *Thalictrum rhynchocarpum*, ambayo kwa ukoo ni ndugu wa karibu sana wa akwilegia kuliko impeshensi, ila maua yake ni madogo, hayana petali, na hakuna mteja atakayeyatazama mara mbili. Akwilegia zenyewe ni mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia: Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Wapo wanaohesabu spishi 60 na wapo wanaofika zaidi ya 100, kutegemea anavyozigawa mtu, lakini kusini mwa Sahara hakuna hata moja ya asili. Na usichukue mbegu wala mche mlimani, hata wa impeshensi. Msitu ule ni hifadhi ya taifa, na shemeji ndiye atakayepoteza kazi.

Baridi ya kwanza: mbegu

Mbegu ya akwilegia ikiiva, kijusi kilicho ndani bado kidogo na kimelala. Kule kwao hudondoka kiangazi, hupitiwa na miezi ya baridi ikiwa na unyevu, kisha huota majira ya kuchipua. Huku kwetu unaifanyia mbegu kazi hiyo kwa friji. Chukua karatasi ya tishu, iloweshe kisha uikamue mpaka isidondoshe tone, tandaza mbegu, kunja, weka kwenye kopo dogo lenye mfuniko. Andika jina na tarehe. Kopo likae sehemu ya kawaida ya friji, nyuzi joto 4 au 5, kwa wiki nne. Mbegu iliyokaa pakitini zaidi ya mwaka ipe wiki sita. Isiende kwenye sehemu ya kugandisha barafu. Kila wiki fungua utazame: karatasi ikikauka, baridi yote inakuwa bure, kwa sababu mbegu kavu haihesabu siku. Ukiona kimzizi cheupe kimetoka, usingoje wiki ziishe, panda.

Kosa la trei yako ya kwanza ni kufukia. Mbegu hii inahitaji mwanga ili iote. Ijaze trei, lowesha udongo kwanza, nyunyiza mbegu juu, zibonyeze kwa kiganja zishike, basi. Kama jua linakausha haraka, paka mchanga laini kidogo sana, kiasi cha mbegu kuendelea kuonekana. Funika kwa kioo au nailoni angavu, weka kivulini penye mwanga, nyuzi 15 hadi 20. Wiki tatu ni mapema mno kukata tamaa: nyingi huanza wiki ya tatu au ya nne, na nyingine huchukua hata miezi mitatu. Trei ya akwilegia haimwagwi kabla ya miezi mitatu.

Ukiona miche inalala chini shingo imekonda na kuwa nyeusi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Inatokana na udongo uliotumika, maji mengi, na kifuniko kisichofunguliwa. Mwagilia kwa kuikalisha trei kwenye beseni la maji kwa dakika kumi badala ya kumimina juu, na miche ikishatokeza fungua kifuniko kila asubuhi.

Kuhamisha, na kwa nini masika iliua mitatu

Akwilegia ina mzizi mkuu mnene unaoshuka wima, na ukikatika mmea huchukua miezi kujirudi au haurudi. Hivyo hamisha mapema, mche ukiwa na majani mawili au matatu ya kweli, na uuhamishe mara chache. Kutoka trei nenda kwenye kiriba chenye kina cha sentimita 12, kisha chungu cha kina cha sentimita 18 au zaidi. Kina ni muhimu kuliko upana.

Mchanganyiko unaofaa huku: debe mbili za udongo wa juu wa volkano, debe mbili za mboji iliyoiva kabisa, debe moja ya kokoto nyepesi za volkano zilizochekechwa zikabaki ukubwa wa punje ya mahindi, au mchanga wa mto uliooshwa. Samadi mbichi hapana. Ule mfinyanzi mweusi wa tambarare unaopasuka kiangazi usiuguse kabisa, hata uchanganye na nini.

Masika iliua mitatu kwa sababu taji la akwilegia, pale majani yanapotokea, huoza likikaa kwenye maji. Ukipanda, taji liwe juu ya udongo kwa sentimita moja, ulizungushie kokoto badala ya matandazo ya majani. Machi mpaka Mei viriba vyote viwe chini ya nailoni au bati angavu, juu ya meza ya wavu, si chini. Kwenye bustani, tuta la sentimita 25, mahali penye mteremko, chini ya mgrevilea au pembezoni mwa migomba ambapo jua la asubuhi linafika na la saa saba halifiki.

Mbolea kidogo: NPK ya uwiano sawa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kila wiki mbili. Urea itakupa majani laini na vidukari.

Neno moja kuhusu maji. Upande wa mashariki wa Mlima Meru, ukielekea Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, maji mengi yana floridi na magadi. Ukimwagilia nayo kwenye chungu kwa miezi, udongo unazidi kuwa wa magadi, madini ya chuma yanafungika, na majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Kuongeza mbolea hapo hakusaidii. Kinga maji ya mvua, na yatumie hayo kwa akwilegia hata kama waridi zako zinavumilia ya bomba.

Baridi ya pili: mmea

Hapa ndipo ilipo mimea yako sita. Akwilegia nyingi hazitengenezi shina la maua mpaka mmea mkubwa upitiwe na baridi ya nyuzi 4 hadi 7 kwa wiki 8 hadi 12 mfululizo. Na lazima uwe mkubwa kweli, una majani kama kumi na mawili kwenda juu. Mmea mchanga ukiuweka kwenye baridi hausikii chochote, unadumaa tu.

Sasa tazama mahali ulipo. Tengeru iko mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Ili upate nyuzi 6 kwa hesabu hiyo unahitaji kupanda mita 1,000 nyingine, yaani kufika 2,200, na huko vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vimekwisha kitambo, ni msitu. Kihamba cha juu kabisa Marangu, Machame au Kibosho, kwenye mita 1,700 hivi, kinapata usiku wa nyuzi 9 kwa wiki chache, na mchana unapanda tena. Hiyo ni nusu baridi: mimea michache inaweza kuchanua kwa kusuasua, mingine ikakaa majani tu. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, usijisumbue kuipanda ardhini.

Ila mwenye kitalu ana njia nyingine, nayo ni friji ya soda yenye mlango wa kioo. Ina nafasi, ina taa, na inashikilia nyuzi 5 vizuri. Ondoa majani ya njano na yaliyozeeka, mwagilia, acha maji yachuruzike usiku mzima, kisha ingiza viriba. Taa iwake saa nane au tisa kwa siku. Ikiwaka usiku na mchana si kosa kubwa, ni umeme tu unaoupoteza. Weka kipimajoto katikati, siyo ukutani. Kila wiki gusa udongo. Ukiwa mkavu juu, mpe nusu kikombe cha chai cha maji, si zaidi, kwa sababu kwenye baridi mmea haunywi. Ukungu wa kijivu ukitokea kwenye jani, likate na uache mlango wazi dakika kumi kila siku kwa siku chache.

Kitu kimoja watu hawakijui: usiweke matunda kwenye friji hiyo. Ndizi mbivu, parachichi na embe hutoa gesi ya kuivisha, na gesi hiyo hiyo huyafanya majani ya akwilegia yageuke njano na machipukizi ya maua yafe yangali ndani ya taji. Umeme ukikatika saa chache hakuna neno; usifungue mlango.

Wakati mzuri wa kuingiza ni mwanzo wa Machi. Utakuwa umeua ndege wawili kwa jiwe moja, maana mimea inapita masika yote ikiwa ndani, salama kutokana na mvua. Itoe katikati ya Mei, baada ya wiki kumi au kumi na moja. Iweke wiki nzima kivulini kabla ya kuipeleka kwenye mwanga. Mashina ya maua huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, na maua yanakuja kuanzia Julai, ukiwa ndio ubaridi wa mwaka, kwa hiyo yatakaa. Joto likizidi nyuzi 25 shina linakuwa fupi na rangi inapauka.

Kwa mbegu mpya, rudi nyuma kwenye kalenda hiyo hiyo: kopo la mbegu liingie friji Juni, upande Julai, uhamishie viribani Septemba, chungu kikubwa Novemba, na kufika Machi mmea una majani ya kutosha. Mwaka mzima kwa ua moja, naam. Ndiyo maana bei yake isiwe ya petunia. Na ujue haidumu kama waridi. Miaka mitatu hadi mitano mmea umezeeka, kwa hiyo otesha miche mipya kila mwaka.

Aina ipi

Pakiti ya rangi mchanganyiko kwa kawaida ni chotara. Chotara hizo ni nzuri, lakini huwezi kumwambia mteja atapata nini, na wewe mwenyewe hujui damu ya nani imezidi. Ningekuwa nachagua kwa Tengeru ningerudi kwenye spishi za mwituni, na ningeangalia kwanza kila moja inatoka wapi.

Ya kwanza kwangu ni *Aquilegia chrysantha*, ya njano tupu. Inatoka kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, kwenye makorongo yenye chemchemi katikati ya nchi kavu, kwa hiyo inavumilia joto kuliko karibu zote. Inafika sentimita 60 hadi 90, na mikia yake ni mirefu, sentimita 4 hadi 7. Hii ndiyo ninayomshauri mtu wa mita 1,200. Ukitaka ya ajabu zaidi, ndugu yake *A. longissima*, wa Texas, Arizona na Meksiko, ana mikia inayozidi sentimita 10. Zote mbili hutegemea nondo wakubwa wa jioni wenye ulimi mrefu. Nondo wa namna hiyo tunao. Viwavi vya mmojawao ni vile vinavyomaliza majani ya viazi vitamu.

Urefu huo wa mikia una siri. Mtu angedhani mkia mrefu una seli nyingi zaidi. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha vingine: seli ni karibu idadi ile ile, ila kila moja imejinyoosha. Ndiyo maana spishi zimeweza kuachana haraka kwa urefu wa mkia, kila moja ikimfuata mchavushaji wake.

Nyekundu ni *A. canadensis* ya mashariki ya Amerika Kaskazini na *A. formosa* ya magharibi. Zina mikia minene ya sentimita 2 hivi, maua yanainama chini, na kwao huchavushwa na ndege wadogo wanaoelea hewani wakinyonya. Sisi hatuna ndege hao, tuna chozi, ambaye hupenda kutua kabla ya kunywa. Atakuja, lakini shina la akwilegia ni jembamba, kwa hiyo chomeka kijiti imara kando ya kila mmea apate pa kukaa, la sivyo atatoboa mkia pembeni na kuiba mbochi bila kugusa chavua. Nyuki weusi wanaotoboa mbao wana tabia hiyo hiyo. Ukipata *A. canadensis* chukua mbegu za asili ya kusini. Spishi hii inaanzia Kanada na kufika Florida, na mmea wa Florida haujazoea baridi ndefu kama wa Kanada.

*A. skinneri*, ya milima ya Meksiko, ina mikia myekundu na sepali (vijani vya nje vya ua) za kijani. Haipatikani kirahisi, ila kwa mtu asiye na majira ya baridi ni ya kutafuta.

Kwa vyungu vidogo vya kuuza, *A. flabellata* ya Japani. Ni fupi, sentimita 15 hadi 30, majani mazito yenye ubuluu. Inahitaji baridi ya friji kamili, lakini kwa udogo wake zinaingia nyingi kwenye rafu moja.

*A. vulgaris* ya Ulaya ndiyo iliyojaa kwenye pakiti nyingi. Mikia yake mifupi imejikunja kama ndoana. Inadai baridi bila mjadala. Na ile ya buluu na nyeupe ambayo kila mtu anaiona kwenye picha ni *A. coerulea*, ua rasmi la jimbo la Colorado tangu 1899. Sheria ya huko ya 1925 inakataza kuing'oa kwenye ardhi ya umma, na inaruhusu mtu kuchuma mashina 25 tu kwa siku. Ni ya milima mirefu. Tengeru itakusumbua, iache.

Wadudu na magonjwa

Mistari myeupe inayozunguka ndani ya jani ni wadudu wanaochimba majani, kama wale wa maharage. Kata jani, lichome, usipige dawa. Vidukari hukaa kwenye shina changa la ua: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni, suuza asubuhi. Ubwiri unga huja mwishoni mwa kiangazi mmea ukiwa na kiu. Kata majani yote sentimita 5 juu ya taji, mwagilia, yataota mapya.

Wa kuogopa ni ubwiri vinyoya wa akwilegia, ulioonekana Uingereza kuanzia 2013 na kumaliza bustani nyingi. Juu ya jani huwa na mabaka ya njano yenye kingo zilizonyooka, chini yake utando mweupe, na machipukizi hujikunja. Mmea wa namna hiyo unachomwa moto pamoja na udongo wa chungu; hauingii kwenye mboji.

Mbegu zako mwenyewe

Spishi karibu zote huchanganyika damu, hii na ile. Ukiweka ya njano na nyekundu meza moja, mwaka unaofuata una chotara. Ukitaka mbegu safi, funga shina na kifuko cha shashi kabla ua halijafunguka, kisha likifunguka hamisha chavua kwa brashi ndogo kutoka ua jingine la spishi ile ile, siku mbili tatu mfululizo. Funga tena. Baada ya wiki kama sita matunda, ambayo kwa kawaida ni vifuko vitano vilivyosimama pamoja, hugeuka kahawia na kupasuka juu. Hapo yainamishe ndani ya bahasha ya karatasi. Mbegu nzuri ni nyeusi na inang'aa. Ya kahawia bado changa. Mbegu na mizizi vina sumu, kwa hiyo zisikae mahali pa watoto, na mabaki ya mimea usiwape mbuzi.

Ukiagiza nje, anza na kibali cha kuingiza mimea cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Makao yao si mbali nawe, Ngaramtoni. Kibali kinatangulia, kisha muuzaji wa kule anaambatanisha cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Mwambie mdogo wako asitie tena pakiti mkobani bila hivyo: inaweza kuzuiwa uwanjani, na ule ubwiri vinyoya nao huenda husafiri hivyo hivyo.